Fomu ya Vifaa

Idara imeleta fomu tena, kurasa tatu,
muhuri wa bluu, mwisho Alhamisi:
"Orodhesha vifaa vifaavyo kufundishia
historia, uraia na maarifa ya jamii."
Safu ya kwanza jina la kifaa, ya pili idadi,
ya tatu hali yake: kizima au kibovu.

Nimeandika tufe, moja.
Zima, ila Ghuba imefutika
kwa vidole vya miaka kumi na moja vikisema "sisi hapa",
hata hapa pakawa doa jeupe.
Nimeandika ramani mbili, na projekta
inayokohoa kama Mwalimu Salha akipanda ngazi.
Kisha kalamu ikagoma.

Kwa sababu Jumatatu niliwatoa darasani
wasichana ishirini na sita wa darasa la tisa,
tukashuka hadi kwenye falaji, mfereji wa kale
upitao nyuma ya mitende ya Ibra.
Mgawa maji ni Muhanna, kijana bado,
anauza chaja za simu, ana haraka zake.
Akatuonyesha kijiti kilichosimikwa na mawe kukizunguka:
kivuli kikigusa hili, maji ni ya fulani;
kikilivuka, fulani afunge, mwenzake afungue.
"Na asipofunga?" Azza akauliza.
"Atafunga. Mji mzima unatazama kivuli kimoja."
Nikajisemea, haya, sura nzima ya uraia
imekwisha na kitabu hatujakifungua.

Zamu yenyewe, nusu saa ya maji,
kwa Kiarabu cha huku huitwa athari.
Nilicheka peke yangu. Nyumbani kwetu,
kwa Kiswahili alichorudi nacho bibi kutoka Unguja,
yeye na mbuzi yake ya nazi,
athari ni kile kinachobaki
mwenye kukitenda akishaondoka.

Muhanna akatoa daftari la babu yake,
jalada la ngozi, pembe zimeliwa na mchwa.
Fulani bin fulani bin fulani, na kabila lake: athari sita.
Msikiti: mbili. Mjane wa fulani: moja na robo.
Na chini kabisa, kwa wino mwembamba,
zamu ya usiku wa manane:
"Farajalla. Nusu."
Hana bin. Hana kabila.

"Mwalimu, karani kasahau?"
Ni Wafa huyo, mtoto wa watu, hakuwa na nia mbaya.
Jibu nilikuwa nalo. Nililisomea Maskati
miaka minne, lina tarehe, lina takwimu.
Likanikwama kama mwiba wa changu.

Ndipo Ghaniya, asemaye mara mbili kwa muhula,
akasogeza kidole ukurasani, wino asiuguse.
"Hakusahau. Huyu ni baba yake babu yangu.
Bin yake tunayo nyumbani.
Hakuna aliyetuuliza."

Kivuli kikagusa jiwe, kikalipita.
Muhanna alikuwa anatutazama sisi.
Shamba la mtu likanywa maji yasiyo yake
kwa muda wa kutosha kumwagilia, sijui, ndimu mbili.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba.
Wafa alibaki nyuma, akifunga kamba za viatu
zilizokwisha fungwa.

Sasa ni Jumatano usiku, chai imepoa.
Safu ya kwanza: daftari la maji. Idadi: moja, si la shule.
Hali: nimeandika zima, nikafuta,
nimeandika bovu, nikafuta,
karatasi imetoboka.

Na chini ya fomu kuna kikaratasi
nilichokikuta jana mezani, cha mraba, cha hesabu:
Ghaniya binti Marhun bin Juma
bin Farajalla bin Sikujua.
Pembeni, kwa penseli:
"Mwalimu, hili la mwisho si Kiarabu.
Babu anasema ni neno la kwenu.
Maana yake nini?"